Herufi ya Siku za Kazi

Kama umewahi kusimama mbele ya choo cha kulipia pale stendi, ukasoma kibao kilichoandikwa MAHARI PA KUJISAIDIA, ukajishika mbavu ukiuliza ni nani anayeposwa chooni, basi ulimcheka fundi wa vibao. Hukuwa peke yako. Mji mzima ulicheka kwa miaka minne, tena ulicheka kwa adabu, yaani mgongoni mwake. Mbele yake watu walisema, "Kazi safi, fundi." Watu wana huruma ya ajabu. Watakupisha kwenye foleni, watakuja kukuzika, lakini hakuna atakayekuambia una jani kwenye meno.

Na kazi yenyewe ilikuwa safi kweli. Mistari ilinyooka bila rula, na kila herufi ilikuwa na kivuli chake upande wa kulia, kana kwamba jua la mji huo lilitokea kushoto siku zote. Tatizo ni kwamba ulimi wa fundi haukuwa na L. Lugha aliyonyonya kwa mama yake haikuwa nayo, na shule aliiacha darasa la pili, siku baba yake alipohitaji mtu wa kuchunga. Alisema "nimekura" akiwa ameshiba, na "rete" akitaka kitu. Kusema hivyo si dhambi, wako wengi. Lakini kwenye kuandika, fundi alikuwa na imani yake mwenyewe, na hakuwahi kumwambia mtu kwa sababu alidhani kila mtu anaijua. Aliamini R na L ni herufi moja yenye nguo mbili. R, yenye kichwa, kiuno na mguu uliotangulizwa mbele, ndiyo ya sherehe. L, kijiti kilichokaa kitako, ndiyo ya siku za kazi. Na fundi anayejiheshimu hawezi kumwekea mteja wake herufi ya siku za kazi.

Zamani imani hiyo haikumdhuru mtu, kwa sababu fundi alikuwa na mke. Mke wake alikuwa mpishi wa shule, aliyemaliza darasa la saba. Kila jioni, baada ya kuosha vyombo, alimuuliza mumewe, "Kesho unaandika nini?" Fundi alimtajia. Mke akaandika maneno hayo kwenye kipande cha boksi kwa herufi kubwa, na asubuhi fundi akaondoka nacho akakinakili, kama mtu anayechora nyumba au ng'ombe. Palipokuwa na L akachora L, akijisemea moyoni kwamba mke wake hapendi makuu. Waliishi hivyo miaka thelathini na moja. Hawakujaliwa mtoto. Wakati wa kulala fundi alisema, "Rara sarama, mke wangu," na mke akajibu gizani, "Nirarue nini tena?" Walicheka. Utani huo hawakuuchoka, kama mtu asivyochoka chumvi.

Kisha mke akaugua wiki mbili tu, akafa. Kibao cha kwanza ambacho fundi aliandika bila boksi kilikuwa cha kaburi lake.

Baada ya hapo alibaki na chumba kimoja cha kulala, kibaraza cha kufanyia kazi mbele yake, na vikombe viwili. Alikunywa kwa kimoja na kuosha vyote. Redio ilisema mchana kutwa, lakini redio haimuulizi mtu kesho anaandika nini. Wateja nao walipungua, na fundi akalaumu mashine za kuchapa mabango ya plastiki. Hizo zilichangia, kweli. Lakini mwenye duka la vifaa vya shule, aliyeandikiwa KARAMU NA DAFTARI, alijua sababu nyingine, akanyamaza nayo.

Aliyekuja kwanza hakuja kwa ajili yake. Alikuja kwa ajili ya makopo. Alikuwa msichana mwembamba, nywele zimekatwa kwa wembe, amevaa fulana ya mtu mzima iliyomfika magotini. Yeye na wenzake sita walilala nyuma ya ghala la nafaka, na mchana waliokota chuma chakavu.

"Shikamoo, fundi. Hilo kopo limeisha?"

"Marahaba. Bado. Kaa mbari, utachafuka."

"Mimi nimeshachafuka," alijibu, akakaa palepale chini ya ngazi.

Alisubiri kopo mpaka saa nane. Kesho yake akaja tena, na keshokutwa. Wenzake wakamwita Kopo, na fundi naye akamwita hivyohivyo kwa sababu ndilo jina alilolijibu. Siku ya nne alinyoosha kidole juu. "Hiyo yenye mguu inaitwaje?"

"Hiyo ni R," alisema fundi kutoka juu ya ngazi, na kifua kikamjaa. Hakuna aliyekuwa amemuuliza chochote muda mrefu. "Hiyo ndiyo mkubwa wa herufi zote."

Wakakubaliana bila kukubaliana: kila kopo linaloisha linaondoka na herufi moja. Kabla mvua hazijaanza Kopo alikuwa nazo zote, akaanza kuziunganisha. Wengine hupewa kitabu. Yeye alipewa mji. Alisoma HOTERI, akasoma SARUNI YA KINA MAMA, akasoma USITUPE TAKA MAHARI HAPA. Alisoma kwa sauti akitembea katikati ya barabara, madereva wakampigia honi, naye hakuondoka mpaka neno liishe.

Fundi akaanza kununua mikate miwili. Akamnunulia kandambili, akamwambia alizikuta zimetupwa. Kikombe cha pili kikapata kazi. Hakumuuliza mtoto alikotoka, na mtoto hakumuuliza kwa nini mtu anayeishi peke yake ana vikombe viwili. Jioni Kopo aliporudi kwa wenzake, fundi alikaa kibarazani akiangalia upande wa ghala mpaka paa lake likapotea gizani. Aliona aibu kwa jinsi alivyoingojea asubuhi.

Ni yeye mwenyewe aliyempeleka kwa Mwalimu. Mwalimu alikuwa mama wa makamo aliyestaafu mapema, akakodi gereji iliyokufa na kufundisha humo watoto wa mitaani. Kuta bado zilikuwa na madoa ya grisi, na watoto walikaa juu ya matairi yaliyolazwa. Kila mwaka shule moja ya msingi, ng'ambo ya daraja, ilikubali kuchukua watoto wawili kutoka gereji hiyo, ikawapa kitanda bwenini, sare na chakula mpaka darasa la saba. Lazima wafaulu hesabu na imla ya maneno thelathini. Na aliyezidi miaka kumi na moja hawakumpokea.

Mwalimu alifungua daftari lake. "Wewe ni mzazi wake?"

"Hapana."

"Mlezi?"

Fundi alilifikiria neno hilo, akaona ni kubwa mno kwake. "Mimi ni fundi," alisema.

Mwalimu akaandika: fundi. Kisha akamtazama Kopo meno, mikono na urefu, kama mtu aliyezoea kukisia. "Huyu ana kumi na moja kamili," alisema. "Nafasi yake ni mwaka huu. Mwakani atakuwa amechelewa."

Kwa miezi mitatu Kopo alisoma gereji asubuhi na kukaa chini ya ngazi mchana. Hesabu alizila kama karanga. Mwalimu alisema hajaona mtoto wa namna ile. Fundi alipousikia huo usemi alifurahi, na usiku ule hakupata usingizi, maana alielewa maana yake: bweni liko ng'ambo ya daraja, na mtoto akilala bweni hatakuja asubuhi kuuliza kopo limeisha au bado. Alitaka afaulu. Alitaka pia kikombe cha pili kibaki na kazi. Hayo mawili alishindwa kuyaweka mahali pamoja, akaona heri asiyafikirie.

Siku tatu baada ya mtihani Mwalimu alikuja kibarazani, saa sita mchana, peke yake, ameshika karatasi. Fundi akamletea kiti. Mwalimu hakukaa.

"Hesabu amepata ishirini na nane," alisema. "Imla amepata tisa."

"Tisa?"

"Fundi, naomba unisomee hapa." Akaweka kidole kwenye mwandiko wa Kopo.

Fundi alisogeza karatasi mbali na macho. "Karamu."

Mwalimu akachukua kalamu yake, akaandika pembeni neno lingine. "Na hapa?"

"Karamu," alisema fundi. "Ni rirerire. Hiri rako rimevaa nguo za kazi."

 Mwalimu alikuwa mtu wa maneno makali kwa wakaguzi wa elimu na wenye nyumba, lakini sasa alikaa kwenye kile kiti na kusema polepole, kama anayetoa mwiba. "Mzee wangu, haya ni maneno mawili. Kalamu ni hii ninayoandikia. Karamu ni ile unayoalikwa, ukala. Mahali ni hapa tulipokaa. Mahari ni ile uliyompelekea baba mkwe wako. L na R ni herufi mbili, hazijawahi kuwa moja."

Fundi aligeuka akatazama ng'ambo ya barabara, stendi. Kile kibao cha choo kilionekana kutoka pale, cheupe na cha bluu, kimepigwa kivuli vizuri. Akawakumbuka vijana waliokipiga picha. Alikuwa amewapungia mkono.

"Mtoto amesoma kwenye vibao vyangu," alisema.

"Ndiyo."

"Nimemharibia."

Mwalimu hakusema hapana, na fundi alimheshimu kwa hilo. Alimwambia tu kwamba mkuu wa shule, kwa sababu ya zile hesabu, amekubali kumpa imla nyingine baada ya wiki tatu. Mara moja tu. Nafasi ya pili imeshachukuliwa na mtoto mwingine. Hii moja inamngoja Kopo, na akianguka anapewa anayefuata.

Mwalimu alipoondoka, fundi alifunga rangi zake akaenda kaburini. Alitembea haraka, kana kwamba kuna kitu angeweza kukiwahi. Kibao kilikuwa palepale, na kilikuwa kizuri kuliko vyote alivyowahi kuchora: RARA SARAMA, R tatu zimesimama, kila moja na kivuli cha dhahabu alichokipaka mara mbili. Mazishini watu walikuwa wamekisoma. Shemeji zake walikisoma. Walimu wa shule aliyopikia mke wake walikisoma, wakamshika mkono wakampa pole.

Alikaa chini kwenye nyasi. Alitaka kumuuliza mtu kama ni kosa kubwa au dogo, na mtu wa kumuuliza alikuwa chini ya kibao. Hapo ndipo alipojua jambo lililokuwa limemsumbua miaka minne bila jina. Watu husema mpweke ni yule asiye na wa kuongea naye. Wa kuongea naye hupatikana. Hata redio inaongea. Mpweke ni yule asiye na wa kumkosoa.

Siku tatu hakufungua kibaraza. Siku ya nne mlango uligongwa kwa kopo.

"Fundi. Unaumwa?"

Alimfungulia. Kopo aliingia, akaona sufuria lililokauka, akaona vikombe viwili vimeoshwa vyote. Akakaa juu ya ndoo iliyofunikwa.

"Nimeanguka imla," alisema.

"Najua." Fundi alibaki amesimama. "Mwarimu hakukufundisha karamu inavyoandikwa?"

"Alinifundisha."

"Sasa?"

Kopo alitazama vidole vyake vya miguu ndani ya zile kandambili. "Yeye anaandika hivi, wewe unaandika vile. Nikajua mmoja wenu amekosea. Kwenye mtihani ikabidi nichague."

"Ukanichagua mimi."

"Yeye anaandika kwa chaki. Kila jioni inafutwa. Vyako vina rangi, viko mji mzima, watu wote wanavisoma na hakuna aliyevifuta." Akainua uso. "Kama vina makosa, si wangekuambia?"

Jibu la swali hilo hata wewe huna.  Fundi aliketi kitandani, na machozi yakamtoka mbele ya mtoto, hakuyaficha. Yalikuwa ya aibu, na yalikuwa pia kwa ajili ya yule mtu mmoja katika mji mzima aliyekwenda kumshindania akashindwa.

"Sikiriza," alisema alipoweza. "Niriyekosea ni mimi. Mwarimu yuko sawa."

"Vyote?"

"Vyote vyenye ire ya kijiti."

Kopo alikaa akihesabu kichwani. Kisha akasimama. "Basi tuanze na choo," alisema.

Wakaanza na choo. Mlinzi wa choo, mzee mwenzake fundi, alitoka na ndoo mkononi kuwazuia. "Kiacheni hicho. Watu wanakuja kukisoma, wanacheka mpaka wanabanwa, wanaingia."

"Na wewe uricheka?" fundi alimuuliza kutoka juu ya ngazi.

"Nilicheka kidogo."

"Miaka minne?"

Mzee aliangalia ndani ya ndoo yake. Kisha akaiweka chini, akaja akaishika ngazi isiteleze, akaishika mpaka kazi ikaisha.

Utaratibu ulijipanga wenyewe. Asubuhi Kopo alikuwa gereji. Mchana walikwenda kwenye kibao, mtoto akasoma neno lililokosewa, akasema neno lilivyo, fundi akafuta mguu na kichwa cha R, akakiacha kijiti na kukiongezea kitako. Kulitamka hakuweza. Mwalimu alikuwa amewaonyesha: kwenye R ulimi unatetemeka, kwenye L unagandia juu na kutulia. Ulimi wa fundi ulitetemeka miaka sitini na mbili, haukuwa tayari kutulia sasa. Kwa hiyo alimtazama Kopo mdomoni. Akiuona ulimi umepanda ukakaa, anafuta. Ukitikisika, anaacha.

Jioni moja ya wiki ya kwanza, Kopo alikuwa anaosha kikombe chake. Akauliza bila kugeuka, "Kesho unaandika nini?"

Brashi ilimponyoka fundi. Aliinama kuitafuta chini ya meza, akakaa huko chini muda mrefu kuliko brashi ilivyohitaji.

"Kinyozi," alisema akiwa huko. "Na duka ra mikate."

Kopo alirarua kipande cha boksi akaandika, DUKA LA MIKATE, ulimi umetoka nje kwa bidii. Fundi alikipokea kwa mikono miwili.

Vibao vilikuwa arobaini na kimoja. Mwenye duka la vifaa vya shule alitoka akasema alikuwa anajua siku zote, ila hakutaka kumvunja moyo. Kopo alimwambia, "Shikamoo," kwa namna ambayo mtu yule akarudi ndani. Mchana wa siku iliyotangulia imla, walikaa kibarazani mikono yao imejaa rangi, na Kopo akapiga mahesabu yake.

"Bado kimoja," alisema. "Uliniambia cha kwanza bila boksi kilikuwa cha kaburini."

Fundi alitaka kusema amechoka. Lakini aliyemzoeza mtoto kusoma kila kitu mpaka mwisho ni yeye. Wakaenda.

Kopo alikisoma kile kibao polepole. Kisha akapiga magoti, akafungua kopo la rangi nyeupe, akachovya brashi. Fundi alimshika mkono.

"Hicho kiache."

"Kina makosa matatu."

"Najua." Alikaa kando yake. "Vire vingine niriandika. Hapa sikuandika, niriongea tu." Akamwambia yote: jinsi alivyosema kila siku wakati wa kulala, na jinsi alivyojibiwa, nirarue nini tena. Kopo alicheka, kisha akaacha kucheka, akaitazama ile R ya kwanza.

"Kesho," alisema fundi, "ukisikia neno, usinifikirie mimi. Umenisikia? Mwandikie mwarimu. Mimi niache hapa."

"Nikikuacha si nitakuwa nimekusariti?"

"Nisa-riti," fundi alijaribu, akashindwa. "Unaona? Hata wewe umerudi kwenye R yangu. Sema tena."

"Nitakusaliti," alisema Kopo, ulimi umepanda, umekaa.

"Ndivyo. Nisaliti," alisema fundi, na ikatoka. Walitazamana. Alijaribu tena, haikutoka, na haikutoka tena maishani mwake.

Kopo alipata ishirini na tisa. Neno alilokosa ni barua. Aliandika "balua", kwa kuiogopa R. Mwalimu alikuja kusema hivyo akikimbia, mama mzima na umri wake.

Waliondoka Jumatatu asubuhi, Kopo na mtoto wa pili, kwenye gari dogo la shule. Fundi alikuwa amempatia sanduku la bati na kulipaka bluu. Juu yake aliandika MALI YA KOPO, na hakuna aliyemwandikia kwenye boksi. Aliikalia ile L asubuhi nzima. Ilikuwa nyembamba na imeinama kidogo, kazi ya mwanafunzi, lakini ilikuwa L. Kopo aliipitishia kidole, akasema, "Kazi safi, fundi," na gari likavuka daraja.

Basi. Mtoto aliokoka, na hilo ndilo lililotakiwa. Lakini hakuna anayeeleza mtu aliyebaki kibarazani afanye nini saa nane mchana. Makopo yaliisha, akayapanga ukutani, yakafika tisa, kumi na moja. Alirudi kununua mkate mmoja. Aliosha vikombe viwili. Jumatano na Ijumaa alikwenda gereji, kwa sababu Mwalimu alimwambia tairi la nyuma halina mtu, akakaa humo magoti yamefika masikioni, watoto wakamwita Monita. Aliporudi nyumbani chumba kilikuwa kama alivyokiacha, kila kitu mahali pake, na hicho ndicho kilichomuuma. Alitamani akute hata sufuria limehamishwa.

Barua ilifika mwezi wa tatu, mchana, imeletwa na dereva wa gari la shule. Fundi aliiweka mezani, akanawa mikono, akachonga penseli, maana Mwalimu aliwafundisha kusoma na penseli mkononi. Aliisoma kwa saa nzima, kidole kikitangulia. Kopo analala kitanda cha juu. Kopo amekuwa wa tatu. Chakula kipo, ila mlinzi hajui utani. Fundi alikagua kila L na kila R kama anayechambua mchele. Kalamu, sawa. Mwalimu, sawa. Barua, sawa, na hapo alitabasamu. Hakukuta kosa hata moja, na moyo wake ulifurahi na kunywea kwa pamoja. Aliona mtoto amevuka kweli, huko alikofika hamhitaji tena.

Kisha akafika mstari wa mwisho, chini kabisa, juu ya jina.

Rara sarama, fundi.

Makosa matatu katika maneno mawili. Fundi alilowesha ncha ya penseli kwa ulimi, akainama, akaiweka kwenye R ya kwanza ili akate kichwa na mguu.

Penseli ikabaki hapo. Nje, stendi, mtu alikuwa akiita abiria. Chai kwenye kikombe ikapoa. Kisha akaiweka penseli kando ya barua, akakitazama kile kitanda, na kile kikombe cha pili.

"Nirarue nini tena?" alijibu.